Saa ya Kufa kwa Mwalimu Vondra

Ofisi ya Mweka Hazina wa Jimbo
Ijumaa, 9 Machi 1934

Mpendwa Mama Vondra,

Nimekaa siku nne mbele ya karatasi hii. Mazikoni nilikushika mkono, nawe ukaniambia nile, mikate ya mbegu za popi bado ya moto. Nilikula mitatu. Naona aibu hadi leo.

Nakuandikia kwa mambo mawili. La kwanza ni la heshima. Kwa kuwa wajumbe wako hapa kwa kikao cha dharura cha ukame, mabaraza yote mawili yatakaa pamoja tarehe 21 kusoma azimio la rambirambi kwa ajili ya mumeo. Karani ananidai mistari sita: alizaliwa wapi, alifundisha wapi na kwa miaka mingapi, alichaguliwa lini. Ya ofisini nayajua, nimekuwa Naibu wake miaka mitano. Ya zamani siyajui. Nilikuwa mwanafunzi wake, na mwanafunzi hajui mwalimu wake alizaliwa lini. Hudhani alizaliwa na chaki mkononi.

La pili ni utaratibu tu. Daktari ameandika kwamba Mwalimu alifariki tarehe mosi Machi, saa sita na dakika kumi mchana, kwa kuangalia saa ya ukutani. Mwanasheria Mkuu anataka neno lako kuhusu saa hiyo. Madaraka ya Mweka Hazina huisha dakika ile anapokata roho, na siku hiyohiyo treni ilituletea zile hati arobaini na tatu za malipo ya shule za wilaya yetu, ambazo nilimwachia kitandani Jumanne ili azisaini.

Usiandike upesi kama hujisikii.

Mtoto wako,
Orrin Tesdale


Lipova, 13 Machi 1934

Mwanangu Orrin,

Barua yako ilifika Jumamosi. Nilipofungua sanduku la barua kule barabarani niliona jina langu kwa mwandiko wa mume wangu Ignac, nikasimama hapo mpaka Bwana Amdahl, aliyekuwa anapita na gari la nyasi, akaniuliza kama nimekwama. Nikamwambia sijakwama. Nilikuwa nimesahau kwamba ninyi nyote mliopita Shule Namba Saba mnaandika kama yeye. Jirani yangu Mama Kubicek husema wilaya nzima ina mkono mmoja. Usijilaumu. Ila safari nyingine, ukiweza, piga kwa mashine.

Mimi niko sawa. Nakula, nalala. Jana nilifua mashati yake matano, na nilipokwisha kuyaanika ndipo nilipojiuliza nimeyafulia nini. Watu wanakuja, wananitazama wakingoja nilie, na mimi nawamiminia kahawa. Wanaondoka kama watu walioahirishiwa mkutano.

Haya, mistari yako. Alizaliwa mwaka 1877 karibu na Tabor, ng'ambo, akaletwa hapa na wazazi wake akiwa na miaka minne. Alianza kufundisha Namba Saba mwaka 1897, akafundisha miaka kumi na saba. Mimi nilifika mwaka 1901, msichana wa miaka kumi na minane nisiyeweza kuandika jina langu kwa Kiingereza. Jumamosi mchana alikuwa anatufundisha sisi watu wazima, kumi na mmoja, tumebanwa kwenye madawati ya watoto. Akasimama nyuma yangu akasema, "Ludmila, herufi si kuku. Usiikabe shingo." Hilo usiliweke kwenye azimio.

Siasa aliingia hivi. Wilaya ilikuwa na desturi ya kutowalipa walimu Januari hadi Machi, kwa kuwa theluji hufunga barabara na watoto hupungua. Mwaka 1914 alikwenda kulalamika. Mwenyekiti akamwambia, "Sheria hatutungi sisi. Nenda mji mkuu ukawaambie wao." Akarudi nyumbani, akala supu yake, akasema haya, atakwenda. Nilidhani anakwenda kusema nao na kurudi. Alikaa miaka kumi na minne: mihula miwili Baraza la Chini, mitano Seneti. Wenzake walimcheka kwa sababu aligonga meza kwa rula wakipiga kelele. Wakawa wanainua vidole: "Mwalimu, naomba ruhusa nitoke." Naye anajibu, "Toka, lakini urudi na kura yako." Sheria ya kuwalipa walimu kila mwezi, theluji au jua, ilipita mwaka 1917. Zipo nyingine, lakini hiyo ndiyo aliyoizungumzia mezani. Mwaka 1928 wakamchagua kuwa Mweka Hazina. Alisema wamemchagua kwa sababu ana koti moja na kila mtu analijua.

Hilo la pili nitakujibu barua ijayo. Mkono umechoka.

Ludmila Vondra


Ofisi ya Mweka Hazina wa Jimbo
15 Machi 1934

Mpendwa Mama Vondra,

Nimeipiga kwa mashine kama ulivyotaka.

Azimio limesogezwa hadi tarehe 28, kwa sababu ambayo sina budi kukueleza. Gavana amemteua Bwana Harlan Pruitt kuchukua kiti cha Mwalimu. Pruitt aligombea kiti hicho mwaka juzi akashindwa, na sidhani kama amesahau. Siku yake ya kwanza ofisini ameagiza hati zote arobaini na tatu zisimamishwe benki mpaka ijulikane Mwalimu alikufa saa ngapi.

Sheria unaijua, ni ya mumeo mwenyewe: fedha za shule za robo mwaka lazima zisainiwe kabla ya saa sita mchana, tarehe mosi Machi. Zisiposainiwa zinarudi katika mfuko mkuu, na kikao hiki cha ukame hakitazitoa tena. Kama Mwalimu alikuwa hai asubuhi ile, hati ni halali na Pruitt hana la kufanya. Kama hakuwa hai, basi zimesainiwa na mtu asiye na madaraka, na mtu huyo atatafutwa.

Saa sita na dakika kumi inatosha kabisa. Nenda kwa hakimu wa Lipova, uape kwamba ndiyo saa yenyewe, uniletee. Mstari mmoja tu.

Nimezitazama sahihi zile. Ni nzuri, Mama. Zote arobaini na tatu ni nzuri.

Orrin Tesdale


Lipova, Jumapili, 18 Machi 1934

Mwanangu Orrin,

Alikufa saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Nilitazama saa.

Naona umeshajua, kwa hiyo nitakuandikia ilivyokuwa. Jumatano alijaribu. Nilimwinua kwa mito mitatu, nikamwekea kalamu. Akaharibu karatasi tatu za majaribio, akasema, "Kesho, Mila. Kesho mkono utakuwa umepumzika." Asubuhi yake nilikuwa nakoroga uji jikoni. Niliporudi alikuwa anavuta pumzi ya mwisho, au ile ya kabla ya mwisho. Haikuwa na kelele.

Kwetu mtu akikata roho, wa kwanza kuwa chumbani husimamisha saa. Wewe umelelewa katikati yetu, unajua. Haisubiriwi hata dakika. Mimi ndiye niliyekuwa chumbani, na sikuisimamisha. Niliiacha iende. Nilikaa kwenye kile kimeza kando ya kitanda, kwenye hati zako, nikageuza kiti ili nimpe mgongo, nikaandika jina lake mara arobaini na tatu. Sikuwa na huzuni. Nilikuwa nafikiria jinsi ya kuipinda V. Kama kwenye hati ya ishirini hivi nilisimama nikamfunika miguu, kwa sababu chumba kilikuwa na baridi. Halafu nikaendelea.

Saa tano nikampa bahasha mtu wa gari la stesheni. Akauliza, "Seneta anaendeleaje?" Nikasema amelala. Kisha nikakaa kwanza. Halafu ndipo nilipovuka uwanja kumwita Mama Kubicek. Aliingia akapita moja kwa moja hadi ukutani, akasimamisha saa. Ilikuwa sita na kumi. Halafu akamshika Ignac mkono, akanitazama mimi. Akasema, "Amepoa haraka, maskini." Akaanza kuosha vikombe. Daktari alipokuja aliandika alichokiona ukutani.

Sasa unataka niape sita na kumi. Nimelifikiria siku mbili. Walimu nawaona. Binti Odland wa Namba Saba alipita hapa Ijumaa, ameshanunua viatu kwa mkopo akitegemea hati ile. Hakunidai neno, alileta mayai. Nikisema kweli, yeye na wenzake arobaini na wawili hawatalipwa majira haya ya baridi, na kitu alichopigania Ignac kitaanguka kwa mkono wangu.

Lakini saa ile, Orrin. Nimebaki na vitu vichache vyake. Nilimnyima saa yake mara moja, akiwa bado ana joto. Nikiapa kwa Biblia nitakuwa nimemnyima mara ya pili, na itapigwa chapa.

Sijui la kufanya. Sijisikii vibaya. Sihisi chochote.

Ludmila


Mji mkuu, 20 Machi 1934

Mama,

Nisamehe kwa mwandiko. Hii siwezi kuipiga ofisini, makarani wanapita nyuma ya kiti.

Umeniambia lako, sikiliza langu. Tangu tarehe 6 Novemba Mwalimu hakusaini kitu. Mkono wa kulia ulikataa. Kila sahihi iliyotoka ofisi hii kuanzia siku hiyo ni yangu. Sheria inaruhusu Naibu kusaini jina la Mweka Hazina akiwa na kibali chake cha maandishi, na kibali ninacho. Alikiandika kwa mkono wa kushoto, herufi zinapanda na kushuka kama za darasa la kwanza. Alipomaliza akanisogezea akasema, "Nipe alama." Nikampa thelathini. Akasema, "Ungekuwa mimi ungenipa kumi." Alikataa watu wajue. Alikuwa na hakika kwamba Gavana angemtaka ajiuzulu, na Pruitt alikuwa anangoja mlangoni. Na alikataa kabisa wewe ujue. "Mila ataanza kunifunga vifungo," alisema.

Hati za wilaya yetu tu ndizo alizotaka azifanye mwenyewe. Ndiyo maana nilizileta nyumbani. Nilijua hataweza, nikamwachia. Lilikuwa kosa langu. Ningezisaini palepale Jumanne kabla ya kupanda treni, tusingekuwa hapa.

Kwa hiyo nitasema nilizisaini Jumanne. Kibali kipo, tarehe inatosha, Mwalimu alikuwa hai. Hati zitakuwa halali hata kama alikufa saa kumi na mbili na dakika arobaini. Mwandiko hakuna atakayeupinga. Wakileta mtaalamu, nitamwambia aanze na watu mia mbili wa Lipova.

Wewe umeulizwa saa tu. Sema saa ya kweli.

Orrin


Lipova, 22 Machi 1934

Mwanangu Orrin,

Vifungo nilikuwa namfunga tangu Krismasi. Alisema ni baridi. Nami nilisema ndiyo, baridi ya mwaka huu ni kali. Kila asubuhi tulisema hivyo hivyo. Kumbe wewe unaficha kule na mimi naficha huku, na yeye katikati anatuficha wote wawili.

Unataka kuapa uongo kwa ajili yangu. Pruitt hatakuacha, hata ukiwa na kibali. Atasema ulilidanganya Jimbo miezi minne. Una miaka thelathini na minane na hujui kazi nyingine. Sikukuomba. Wala sikukatazi, ingawa ningepaswa kukukataza. Nimeanza mara tatu kuandika "nakukataza" na nimeacha.

Leo nimekwenda kwa hakimu. Ana mafua, alikuwa amejifunga skafu ya mkewe. Aliniapisha, akauliza saa, nikamwambia saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Akasimamisha kalamu. "Mama Vondra, daktari ameandika vingine." Nikamwambia saa ya ukutani ilicheleweshwa kusimamishwa. Akauliza, "Na nani?" Nikasema, na mimi. Akaandika. Halafu akauliza kama nina jambo la kuongeza. Nilitazama dirishani. Kulikuwa na farasi wa Bwana Hruska wa kamati ya shule amefungwa nje, anakula utepe uliofungwa mlangoni. Nikasema sina.

Mama Kubicek amesikia. Amekuja kunigombeza kwamba nimemfanya mjinga mbele ya daktari, na kwamba kama ningemwita mapema angekaa naye, mtu haachwi peke yake namna ile. Nikamwambia hakuwa peke yake. Akasema, "Ulikuwa unafanya nini basi?" Nikamwekea kikombe. Ameondoka bila kunywa kahawa, mara ya kwanza kwa miaka thelathini.

Karatasi ya kiapo iko ndani ya bahasha hii.

Ludmila


Mji mkuu, 29 Machi 1934

Mama,

Imekwisha. Mwanasheria Mkuu alipokea kiapo chako na changu siku moja, akasoma kibali cha Mwalimu mara mbili, akasema hati ni halali. Zimefunguliwa benki jana. Watalipwa wote.

Pruitt aliniita ofisini. Amekikalia kiti cha Mwalimu lakini amekipandisha, miguu haifiki vizuri sakafuni. Alisema, "Miezi minne, Tesdale. Ulikuwa unaandika jina la mtu na kumwamkia Gavana kila asubuhi." Nikasema ndivyo. Akangoja niombe. Sikuomba, si kwa kiburi, sikukumbuka tu. Nimepewa hadi Jumamosi kuondoa vitu vyangu. Vinaenea kwenye sanduku moja.

Azimio lilisomwa jana saa tisa alasiri. Nisikudanganye: nusu ya wajumbe walikuwa wamekwenda kusikiliza habari za mbegu za msaada. Spika alitamka "Vandra". Lakini limeingia katika kumbukumbu, na nimekunakilia: "Ignac Vondra, aliyezaliwa 1877, mwalimu wa Shule Namba Saba, Lipova, kwa miaka kumi na saba, mjumbe wa Baraza la Chini na wa Seneti, Mweka Hazina wa Jimbo tangu 1929, alifariki nyumbani kwake tarehe mosi Machi 1934, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, mkewe akiwa pamoja naye." Hayo maneno manne ya mwisho hayakuwemo. Nilimwomba karani ayatie.

Sijui nitakwenda wapi. Dada yangu ana chumba, lakini ana wanawe watano. Usiwe na wasiwasi nami.

Orrin


Lipova, 17 Aprili 1934

Mwanangu Orrin,

Nimelisoma azimio nimesimama, kisha nimeketi nikalisoma tena. Mistari ni saba, siyo sita. Maneno manne yale yamenitosha mwaka mzima. Bado sijalia. Watu wameacha kungoja, na sasa kahawa inadumu zaidi.

Binti Odland ataolewa Juni, na kwetu mwalimu wa kike akiolewa anaacha kazi, kwa hiyo Namba Saba inatafuta mtu. Kamati ya shule ilikaa jana jikoni kwangu, kwa sababu mimi ndiye karani wake tangu 1926 na nyumba yangu ndiyo iliyo karibu. Tuko watatu: Bwana Hruska, Bwana Amdahl na mimi. Nililitaja jina lako. Hruska alisema ulikuwa mtoto mtundu uliyemtia chura kwenye ndoo ya maziwa. Nikamwambia ulikuwa na miaka tisa. Akasema chura alikuwa mkubwa.

Amdahl ndiye aliyeuliza. Alisema kwa upole, yeye ni mtu mpole, kwamba amesikia umefukuzwa kwa kuandika jina la Ignac, na kwamba hawezi kuwakabidhi watoto mtu wa namna hiyo kabla hajaelezwa. Alikuwa na haki. Wangekukataa, Orrin. Niliona nyusoni mwao.

Nikaweka kalamu chini. Nikawaambia, "Zile hati za Machi nilizisaini mimi. Ignac alikuwa amekwisha kufa, yuko kitandani nyuma yangu. Tesdale amesema ni yeye ili mimi nisifungwe." Nilisema kwa Kiingereza ili pasiwe na shaka. Ilitoka vizuri, polepole, kama somo.

Amdahl ana binti yake anafundisha Namba Kumi na Mbili, na binti huyo amelipwa kwa hati mojawapo. Hruska mjukuu wake yuko darasa la tatu kwa Binti Odland. Jiko lilikuwa linavuma. Nilikuwa tayari wasimame wachukue kofia zao waende kwa hakimu, na kama wangekwenda nisingewalaumu.

Mshahara ni dola hamsini kwa mwezi, miezi minane, na chumba kwa Amdahl. Jiko la shule linatoa moshi upepo ukitoka kaskazini. Njoo na blanketi lako.

Pale mezani Hruska alikohoa. Akauliza mwaka huu tuagize makaa tani ngapi, maana mwaka jana zile tano hazikufika Machi. Amdahl akafikiri, akasema sita. Halafu wote wawili wakageuka kunitazama, kwa kuwa mimi ndiye ninayeweka kumbukumbu za kikao. Nikachukua kalamu. Nikaandika: Mwalimu, Bwana O. Tesdale, kura tatu. Makaa, tani sita. Mengineyo, hakuna.

Ludmila Vondra